Lini upande mahindi? Anzia kwenye mbelewele, uhesabu kurudi nyuma

Mvua ya kwanza imenyesha usiku. Alfajiri jirani ameshatoka na jembe na mfuko wa mbegu, nawe umesimama mlangoni unajiuliza utoke au usubiri. Ukijiuliza siku hiyo, umechelewa. Siku ya kupanda mahindi huamuliwa wiki kadhaa kabla ya wingu la kwanza, na huamuliwa kwa kuangalia ni lini mahindi yatatoa mbelewele (ua la kileleni linalomwaga chavua) na ndevu (nyuzi za hindi changa zinazoipokea). Mvua inapofika, kazi yake ni kukuambia tu kwamba hesabu yako inaweza kuanza.

Kwa nini mbelewele? Kwa sababu sehemu nyingine zote za maisha yake hindi lina uvumilivu wa kushangaza. Mche wa wiki mbili ukikosa mvua siku nane au kumi hukunja majani mchana na kuyafungua jioni. Sehemu yake inayokua bado imejificha ardhini mpaka ufikishe majani matano au sita, hivyo hata majani yakiungua ncha, mmea hurudi. Lakini kuanzia wiki mbili hivi kabla ya ndevu kutoka hadi wiki mbili baada yake, hakuna msamaha. Ukame ukiingia hapo, ndevu huchelewa kutoka huku mbelewele ikiendelea kumwaga chavua. Ndevu zinapochungulia, chavua imekwisha, na unachovuna ni magunzi yenye punje za kuhesabu kwa vidole. Wiki hizo nne ndizo unazozitafutia mvua. Mengine yote yanapangwa kuzizunguka.

Mwongozo huu ni wa mahindi ya kutegemea mvua Tanzania. Mkulima wa Kenya au wa Burundi atatumia hesabu ile ile, atabadilisha miezi tu.

Hatua ya 1: Andika kalenda ya mvua ya kijiji chenu

Nchi yetu ina kalenda mbili. Kaskazini, pwani ya kaskazini na kuzunguka Ziwa Victoria (Arusha, Kilimanjaro, Tanga, Pwani, sehemu za Morogoro, Mwanza, Mara, Kagera) mvua huja mara mbili: vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Dodoma, Singida, Tabora, Katavi, Rukwa, Songwe, Mbeya, Iringa, Njombe, Ruvuma, Lindi na Mtwara kuna msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwenye nyanda za juu huweza kugusa Mei.

Hiyo ni ramani ya nchi, na shamba halilimwi kwenye ramani ya nchi. Kagera vuli huanza mapema kuliko Tanga. Mlimani Kilimanjaro mvua hunyesha wiki nyingi kuliko kule tambarare, kilomita chache tu chini yake. Kwa hiyo chukua daftari, kaa na watu watatu au wanne wanaolima karibu nawe kwa muda mrefu, uwaulize kuhusu misimu mitano iliyopita, mmoja mmoja. Mvua ya kupandia ilikuja wiki ya ngapi ya mwezi gani? Ilikatika katikati? Kwa siku ngapi? Ya mwisho ilinyesha lini?

Swali la pili na la tatu ndiyo yenye thamani, na ndiyo watu husahau kuuliza. Kila mtu anakumbuka mvua ilipoanza. Wachache wanakumbuka kwamba Februari jua liliwaka wiki tatu mfululizo, ingawa hilo ndilo lililowatia njaa. Ukanda wa kati unajulikana kwa ukavu huo wa mwishoni mwa Januari na Februari. Usipouandika, utapanga shamba kana kwamba haupo.

Wazee wa zamani walikuwa na Kilimia, lile kundi la nyota, na msemo wake: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kuchanua kwa miti fulani na kugeuka kwa upepo ni alama za aina hiyo hiyo. Sizidharau. Zinakuambia msimu umekaribia, uandae shamba. Siku ya kufukia mbegu hazikuambii.

Angalia na kiasi. Mahindi yanahitaji takriban milimita 500 hadi 800 za mvua katika msimu wake. Dodoma mjini wastani wa mwaka mzima haufiki 600, na sehemu ya maji hayo hukimbilia makorongoni. Mahali pa namna hiyo hakuna tarehe ya kupanda itakayoyageuza mahindi kuwa zao la uhakika. Weka sehemu kubwa ya shamba mtama au uwele, na mahindi uyape udongo wako mzuri zaidi.

Hatua ya 2: Chagua mbegu kwa siku zake za mbelewele

Mfuko wa mbegu kwa kawaida huandikwa siku za kukomaa. Muulize muuzaji au afisa ugani siku za kutoa mbelewele, maana ndizo zinazoingia kwenye hesabu. Kwa ukanda wa joto, kadirio la haraka ni hili: mbegu za muda mfupi hutoa mbelewele kati ya siku 48 na 55, za muda wa kati karibu siku 60 hadi 68, za muda mrefu siku 70 na kuendelea. Kampuni moja ya mbegu imerahisisha kazi kwa kuchora wanyama kwenye mifuko: tumbili kwa mbegu inayowahi, tembo kwa inayochelewa. Kumbuka tu kwamba tembo hana faida mahali ambapo mvua ni ya wiki kumi.

Siku hizo hubadilika kwa mwinuko. Hindi hukua kwa joto, na ukipanda mita 1,000 kwenda juu, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Ndiyo maana mbegu inayokomaa miezi minne Kilosa inaweza kukaa miezi sita Njombe. Ukinunua mbegu kwa kusoma siku za mfukoni bila kuuliza zilipimwa mwinuko gani, utakosea kwa zaidi ya mwezi mzima.

Nunua mapema, kagua kibandiko cha TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu), kisha pima uotaji mwenyewe. Hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, kiweke mahali pa joto na usikiache kikauke. Baada ya siku saba hesabu zilizoota. Tisini na kuendelea ni sawa. Zikiwa sabini, rudisha mfuko dukani ukiwa bado na muda wa kupata mwingine. Punje 100 ni hasara ndogo sana kulinganisha na kulima upya.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Hapa tusiharakishe. Tuchukue sehemu tatu.

*Dodoma.* Tuseme daftari lako linaonyesha mvua ya kupandia huja karibu na tarehe 10 Desemba. Mbegu inayotoa mbelewele siku ya 50 itafika hapo Januari 29. Toa wiki mbili, ongeza wiki mbili: wiki za hatari ni kuanzia Januari 15 hadi Februari 12. Nusu ya kwanza inapata mvua, nusu ya pili huenda ikakutana na ukavu. Si salama kabisa, lakini una nafasi. Sasa weka mbegu ya siku 70, tarehe ile ile ya kupanda. Mbelewele Februari 18, wiki za hatari Februari 4 hadi Machi 4. Umepeleka kipindi kizima kwenye jua. Na yule aliyesubiri hadi Januari 5 na mbegu ya siku 50? Mbelewele zake zinatoka Februari 24. Akibahatika mvua ikarudi Machi, atavuna kuliko wote, na mwaka huo atasifiwa kijiji kizima. Miaka mingine mvua hukatika mapema Aprili, na punje zake hazijajaa. Mimi singemfuata.

*Njombe.* Huku hesabu inageuka. Mvua ni ndefu, tatizo ni baridi. Mbegu ya nyanda za juu iliyopandwa Novemba 25, ikitoa mbelewele siku ya 100, inafika Machi 5 mvua ikiwa imekolea. Ukichelewa hadi Desemba 25, mbelewele ni Aprili 4, na punje zinajaa Mei wakati mvua imeondoka na baridi imeshika. Kwa hiyo Njombe na Makete hakuna sababu ya kungoja. Udongo ukishalowa, panda. (Vinyungu vya mabondeni ni habari nyingine kabisa. Wale hupanda wakati wa kiangazi kwa unyevu wa bonde, wakilenga bei ya mahindi mabichi ya kuchoma, na adui yao ni umande unaoganda.)

*Tambarare ya Moshi na Hai, masika.* Mvua ikianza Machi 20 na mbegu ni ya siku 55, mbelewele ni Mei 14. Masika kule chini hukata mwishoni mwa Mei. Utaona wiki moja tu ya kuchelewa inavyokula akiba yako yote: ukipanda Machi 27, mbelewele inakuwa Mei 21, na sehemu ya wiki mbili za baada ya hapo iko nje ya mvua. Mahali pa namna hii siku zinahesabiwa moja moja, na ndipo kupanda kwenye udongo mkavu kunapokuwa na maana. Tutafika huko.

Fanya hesabu kama hizi kwa tarehe tatu: mvua ikiwahi, ikija kawaida, ikichelewa. Mwisho andika tarehe ya kikomo, ile ambayo ikipita hupandi tena mbegu uliyonunua. Iandike sasa, ungali na akili tulivu.

Hatua ya 4: Soma utabiri kwa swali lako

Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) hutoa utabiri wa vuli karibu na mwisho wa Agosti, wa msimu (ile mvua moja ndefu ya Novemba hadi Aprili) Oktoba, na wa masika kati ya mwisho wa Januari na Februari. Wengi husikiliza neno moja tu: juu ya wastani au chini ya wastani. Neno hilo linahusu jumla ya mvua ya msimu. Kwa kupanda, tafuta mambo mawili: mvua inatarajiwa kuanza wiki ya ngapi katika kanda yenu, na kama wametaja vipindi virefu vya ukavu au mtawanyiko usioridhisha. Msimu wa wastani wenye ukavu wa wiki tatu katikati ni mbaya kuliko msimu wa chini ya wastani unaonyesha kidogo kidogo.

Utabiri ukisema mvua zitachelewa au zitakuwa haba, unachobadilisha ni mbegu: chukua fupi zaidi, na uongeze mtama. Miaka ya El Niño (bahari ya Pasifiki ikipata joto kuliko kawaida) vuli yetu huelekea kuwa nyingi, na ya La Niña (ikipoa kuliko kawaida) huelekea kuwa haba. Mfululizo wa La Niña wa 2020 hadi 2022 uliumiza sana kaskazini mwa nchi na Kenya. Nyanda za juu kusini uhusiano huo ni dhaifu, kwa hiyo wa Mbeya asiiige hofu ya wa Same.

Karibu na siku yenyewe, fuatilia utabiri wa siku kumi. Huo ndio wa kukuambia kama mvua ya leo ina ndugu zake nyuma.

Hatua ya 5: Shamba liwe tayari kabla ya mvua

Kusema kweli, wanaochelewa kwa sababu ya mvua ni wachache. Wengi wanachelewa kwa sababu trekta la kukodi lina foleni, mbolea haijafika, au mbegu bado iko dukani. Mbolea ya ruzuku inataka uwe umehakiki taarifa zako kwenye daftari la wakulima, na hilo halifanyiki siku ambayo kila mtu yuko kwenye foleni. Lima mara baada ya mavuno au mapema kabla ya msimu.

Piga na hesabu ya mikono. Tuseme nyumbani mko wanne, mnapanda kwa kamba na kuweka mbolea ya kupandia, mnamaliza nusu ekari kwa siku. Ekari tano ni siku kumi. Ekari ya mwisho basi iko siku nane nyuma ya ya kwanza, na kwa hesabu ya Moshi hapo juu imeshatoka nje ya msimu. Ama utafute vibarua mapema, ama ekari mbili za mwisho uzipangie zao jingine tangu mwanzo.

Kuna sababu nyingine ya kuwahi, na watafiti waliigundua hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1958 H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga karibu na Nairobi, alieleza kinachotokea udongo uliokauka kabisa unapoloweshwa: vijidudu vilivyomo huamka, huozesha mabaki kwa kasi, na naitrojeni nyingi hufunguka ndani ya siku chache. Mvua kubwa zikifuata, huizamisha chini. Mahindi yaliyowahi yanaikuta. Yaliyochelewa wiki tatu yanaikuta imeshapita, ndiyo maana huwa ya njano hata jirani akiwa hajaweka mbolea kukuzidi. Wadudu nao wana kalenda. Funza wa mabua, kiwavijeshi vamizi (aliyeingia nchini mwaka 2017) na wale wadudu wadogo warukao wanaosambaza ugonjwa wa milia huongezeka kadiri msimu unavyosonga, na shamba lililochelewa ndilo lenye majani laini wakati wao wamejaa.

Hatua ya 6: Pima mvua, kisha chimba

Chukua kopo lenye pande zilizonyooka, kama la maziwa ya unga. Lifunge juu ya nguzo mbali na miti na mapaa. Kila asubuhi pima maji kwa rula, andika milimita, mwaga. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba.

Kipimo cha kuanzia: angalau milimita 20 hadi 25 ndani ya siku mbili au tatu. Chini ya hapo ni mvua ya kutuliza vumbi. Hatari kuliko zote ni ile ya milimita 8 au 10. Inatosha kuiamsha mbegu, haitoshi kuilea. Mbegu inavimba, inatoa kimzizi, udongo unakauka, na hapo hakuna kurudi.

Kopo likitosha, usiliamini peke yake. Nenda katikati ya shamba, si pembeni ya njia, uchimbe shimo la shibiri moja. Unataka unyevu ufike sentimita 15 hadi 20. Kwa makadirio, milimita 20 hulowesha kichanga hadi sentimita 20 hivi, lakini mfinyanzi mkavu sentimita 10 au 12 tu. Chukua konzi ya udongo kutoka chini ya shimo, ukaze ngumi, ufungue. Ukishikamana na kuacha unyevu kiganjani, panda siku hiyo au kesho yake. Ukimeguka kama unga, ngoja mvua nyingine. Ukinata na kung'aa kwenye vidole, ngoja siku moja upungue maji, maana mfinyanzi uliokanyagwa ukiwa hivyo hugeuka tofali juu ya mbegu. Chimba sehemu tatu au nne: kuna mashamba yenye udongo wa aina mbili ndani ya ekari moja, na huwezi kuyapanda siku moja.

Fukia sentimita 5. Sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, punje moja moja, kilo 8 hadi 10 kwa ekari.

Hatua ya 7: Kupanda kwenye udongo mkavu

Ifanye pale tu msimu ni mfupi, siku za mvua kuanza zinajulikana vizuri, na eneo ni kubwa kuliko mikono. Hesabu ya mbelewele itaanza siku mvua itakapoilowesha mbegu, kwa hiyo huwi mbele ya mvua. Unachookoa ni zile siku kumi za kuhangaika na kamba baada ya kunyesha.

Panda siku saba hadi kumi kabla ya mvua inayotarajiwa, si mwezi mzima. Fukia sentimita 7 au 8, ili manyunyu yasiiamshe. Tumia mbegu iliyopakwa dawa, maana panya na wadudu watakuwa na wiki nzima ya kuitafuta. Mbolea ya kupandia ikae kando ya mbegu kwa sentimita 5, kwa kuwa kwenye udongo wenye unyevu kidogo chumvi yake huiunguza. Na usipande shamba lote. Nusu inatosha kubahatisha. Kwenye mfinyanzi mzito unaoshika ukoko, acha kabisa.

Wengine hushauri kugawa shamba mara tatu kwa tarehe tofauti ili kuepuka hasara. Kwenye msimu mrefu ni sawa. Kwenye mvua za wiki kumi, fungu la tatu ni sadaka. Huko ningepanda lote karibu siku moja, lakini kwa mbegu mbili: moja ya siku 48, nyingine ya siku 58. Mbelewele zinatofautiana kwa siku kumi bila kumchelewesha yeyote.

Hatua ya 8: Angalia upande wa mavuno

Kwa mahindi ya vuli hasa. Yanayokomaa Januari na Februari mara nyingine hukutana na mvua, na masika iko njiani. Mahindi yanayokaa na unyevu hupata ukungu unaotoa sumukuvu, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Kama hesabu yako inaangusha mavuno kwenye mvua, chagua mbegu inayowahi zaidi, au uwe na turubai na kichanja mapema, uvune na kukausha hadi unyevu ufike asilimia 13.

Hatua ya 9: Miche ikikauka

Kagua siku ya 10 baada ya kuota. Hesabu miche kwenye mistari kumi tofauti, mita kumi kila mmoja. Ukipanda 75 kwa 30, mita kumi inapaswa kuwa na miche 33 hivi. Ikiwa 25 na kuendelea, acha. Ukirudishia mapengo kwa kuchelewa, miche mipya itafunikwa kivuli na kutoa mabua matupu. Ikiwa 16 hadi 24, rudishia siku hiyo hiyo kwa mbegu fupi kuliko ya kwanza, au jaza mapengo kwa kunde.

Ikiwa chini ya 16, fungua daftari uangalie tarehe ya kikomo. Haijapita? Lima upya, panda mbegu fupi, na urudie hesabu ya hatua ya 3 kabla hujafukia punje. Imepita? Usinunue tena mahindi. Dodoma na Singida alizeti na mtama wa muda mfupi bado wana nafasi mwezi Januari, kwenye masika panda choroko, na kwenye vuli kata mapando ya viazi vitamu. Mbegu ya mahindi iliyobaki, ifunge kavu, uiandike tarehe, na msimu ujao uipime tena punje 100 kabla ya kuiamini.